Kanuni za mashindano ya bao

Kanuni za mashindano ya bao ni masharti yanayokubaliwa kabla ya washindani wa bao kuanza kucheza. Mchezo huo wa kete una namna mbalimbali katika Afrika ya Mashariki, kwa hiyo wachezaji wawili hodari wanaweza kukaa kwenye ubao mmoja huku kila mmoja akifuata sheria tofauti.

Aina za bao

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Shimo la nne kutoka kulia katika safu yake ya mbele huitwa nyumba. Mchezo huanza na kete 6 katika nyumba na kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yaliyo kulia kwake. Kete 22 zinazobaki huingizwa moja moja. Hatua hiyo huitwa namua. Zikiisha, hufuata hatua ya mtaji.

Bao la kujifunza halina namua: kila shimo huanza na kete 2.

Omweso wa Uganda pia una mashimo 32 na kete 64, lakini kila mchezaji hupanga kete zake apendavyo kabla ya kuanza. Ili kula, mashimo yote mawili ya mpinzani yanayoelekea shimo la mlaji lazima yawe na kete. Wasukuma wana isolo, na ajua ya Waluo huchezwa kwenye safu mbili tu.

Umuhimu katika Mkoa wa Mara

Mkoa wa Mara unakaliwa na Wajita, Wakuria, Wazanaki, Waluo na wengineo, nao uko kati ya Usukuma na Kenya. Katika kata ya mjini kama Kamunyonge, Manispaa ya Musoma, washindani wanaweza kuwa wamejifunza bao mahali tofauti. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huohuo, alijulikana kwa kupenda bao.

Mambo ya kuamuliwa mapema

* Aina ya bao na mpangilio wa kete za kuanzia.
* Nyumba: katika namua, mchezaji aliyekula na kete yake ya mwisho ikaangukia nyumba yake yenye kete za kutosha anaweza kulala au kusafiri, yaani kuimwaga nyumba na kuendelea.
* Kutakasia: katika mtaji, mchezaji akitakata na kubakiza shimo moja tu la mpinzani linaloweza kuliwa, naye mpinzani hana la kula, mpinzani haruhusiwi kulianzia shimo hilo katika zamu inayofuata. Nyumba haitakasiwi, vilevile shimo pekee la mbele lenye kete, au pekee lenye zaidi ya kete moja.
* Idadi ya michezo katika kila pambano na muda wa kufikiri.

Kutakasia ndiko kunakoweza kuleta ubishi mkubwa, kwani aliyezoea bao la kujifunza huenda hakijui. Mwamuzi akiulizwa katikati ya mchezo, jibu lolote humfaidi mmoja na kumwumiza mwingine. Ndiyo sababu kanuni husomwa mbele ya wote kabla ya kete ya kwanza kuwekwa.

Mchezaji hushindwa safu yake ya mbele ikibaki tupu, au akikosa kete ya kuchezea.