Jarida la Cheche na ugomvi wetu wa jalada

Samahani kwa ukimya. Mkiona nimekaa wiki mbili bila kuandika mjue ni testi, au bumu limekata, na safari hii ni vyote viwili. Leo ila siandiki habari za njaa. Naandika historia kidogo, kwa sababu kuna kura nadaiwa.

Iko hivi. Tupo watano hapa chuoni Tabora, tunataka kutoa jarida letu la hadithi, mashairi na katuni. La karatasi, la kushika mkononi. Mwenzetu mmoja, mkali wa kompyuta, kashachora jalada la rangi tupu, linang'aa kweli. Mfadhili naye kapatikana. Atalipa uchapaji wote, anachotaka ni ukurasa wa nyuma, na "kupitia kidogo" maandishi kabla hayajaenda mtamboni. Wawili wakasema tuchukue. Wawili wakasema tukatae, tutoe fotokopi. Kelele zikawa nyingi mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta. Kura yangu ndiyo imebaki. Nikaomba siku tatu, nikakimbilia maktaba.

Huko nikakutana na Cheche. Wengi wetu hatujawahi kuliona jarida hili, ila lilitolewa na wanafunzi kama sisi, pale Mlimani, Dar es Salaam. Toleo la kwanza lilitoka Novemba 1969. Waliolitoa ni wanafunzi wa USARF, kile chama cha wanamapinduzi kilichoanzishwa 1967 na kuongozwa kwanza na Yoweri Museveni (ndiyo, huyo huyo wa Uganda), wakishirikiana na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU chuoni. Wahariri walikuwemo Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Waziri wa Fedha. Humo ndani aliandika pia Walter Rodney. Hirji na wenzake wameyasimulia yote kwenye kitabu kilichotolewa na Mkuki na Nyota, kitafuteni.

Sasa, lilikuwa linafananaje? Jamani, halikuwa na urembo wowote. Lilitolewa kwa mashine ya kurudufu, ile ya stensili. Kwa wadogo zangu mliozaliwa zama za printa: stensili ni karatasi yenye nta. Unaitia kwenye taipureta bila utepe, herufi zinatoboa nta, halafu unaifunga kwenye mashine na kuzungusha. Wino unapita kwenye vile vitundu. Kila ukurasa na stensili yake. Ukikosea unaziba kwa dawa, unasubiri ikauke, unapiga tena. Picha ya kamera sahau. Ukijaza weusi mwingi sehemu moja wino unavuja na stensili inachanika, kwa hiyo mchoro unabaki mistari myembamba. Wenyewe ndio waliopiga chapa, waliopanga kurasa, waliobana pini, waliozunguka kuuza. Hakuna aliyelipwa.

Nilipofika hapo nikaanza kuuona ugomvi wetu vizuri. Sisi tulikuwa tunabishana kuhusu uzuri. Wale walijiuliza kwanza tunataka kusema nini, na nani anaweza kutuzuia. Walitaka kuandika kuhusu nani anafaidi kwenye Azimio la Arusha na nani anaumia. Maneno hayo huwezi kuyapeleka kwa mtu mwenye mtambo ukategemea ayachape akicheka. Kwa hiyo umbo la jarida lilitokana na kazi yake. Septemba 1970 walitoa toleo maalumu lenye maandishi ya Issa Shivji, aliyekuwa bado kijana, kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya nchini Tanzania. Maandishi yale yale yalikuja kutolewa kama kitabu na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Yaani kitu kilichoanza kwenye stensili kikaishia kuwa kitabu kinachosomwa hadi leo.

Linganisha na Transition ya Kampala, iliyoanzishwa na Rajat Neogi mwaka 1961. Lile lilikuwa jarida hasa! Limechapwa safi, limepangwa vizuri, waandishi wakubwa wa Afrika wote walipita humo. Ila mwaka 1967 ikajulikana wazi kwamba shirika lililokuwa linalisaidia fedha lilikuwa likipata hela zake kwa siri kutoka CIA ya Marekani. Neogi hakujua, na sidhani jarida likawa baya kwa sababu hiyo. Lakini hebu fikiria, wewe unahangaika na ukweli miaka sita, kumbe bili inalipwa na jasusi. Na hata serikali ya Obote ilipomkamata mwaka 1968, ule usafi wa uchapaji haukumsaidia kitu.

Sitaki kudanganya kwamba umaskini unalinda. Cheche nalo liliishi mwaka mmoja tu. Novemba 1970 jarida na USARF vyote vikapigwa marufuku. Na kilichowaponza ni neno moja la jalada. Jina Cheche walilichukua kutoka Iskra, gazeti la Lenin, na The Spark la Ghana ya Nkrumah. Ikasemwa kwamba jina hilo linaonyesha kama Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi, wakati sisi tuna wetu. Vijana wakalitoa tena chini ya TANU kwa jina MajiMaji. Nani atapinga jina la vita vya 1905 vya babu zetu? Hapo nilicheka peke yangu maktaba.

Kuna jambo moja tu nisilokubaliana na kaka na dada zetu wale. Jina la Kiswahili, ndani Kiingereza. Mimi mtoto wa Choma, wilaya ya Igunga. Jarida linalosema habari za mkulima halafu mkulima wa pamba wa Choma hawezi kulisoma, hapo kuna tatizo. Nyumbani kuna kitabu cha sala cha bibi chenye herufi T.M.P., yaani Tanganyika Mission Press, kile kiwanda cha wamisionari cha Kipalapala, hapo nje tu ya mji wetu. Jalada limeshatoka, karatasi zimekuwa kama chai ya maziwa, ila bibi anasoma kila jioni. Herufi kubwa, nafasi ya kutosha, Kiswahili chepesi. Aliyekipanga alimjua msomaji wake.

Basi kura yangu hii hapa, na wale wanne wataisoma kabla hatujaonana. Fotokopi. Nyeusi na nyeupe, karatasi ya A4 iliyokunjwa katikati, pini mbili. Kiswahili mwanzo mwisho, herufi ambazo bibi ataziona bila kuazima miwani. Mkali wetu wa kompyuta asinune, jalada ni lake, ila alichore upya kwa mistari, maana rangi zile kwenye fotokopi zitakuwa tope. Mfadhili tumshukuru kwa heshima. Akitaka kununua nakala, karibu.

Gharama? Nimepita steshenari kuuliza bei. Tukikata chipsi wiki mbili toleo la kwanza linatoka. Najua mnanilaani sasa hivi. Tuonane Jumamosi, chumba kile kile, ila tusipige kelele.