Vyama vya Mawakili vya London na Lugha ya Uwakili Mpakani Busia na Malaba

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi vyama vinne vya London, yaani Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple na Middle Temple, vilivyouathiri uwakili wa Afrika ya Mashariki, hususan lugha yake. Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Busia na Malaba, upande wa Kenya, kwa kuwa huko sheria za nchi mbili zilizolelewa na mama mmoja hukutana njiani kila siku.

Vyama hivyo havikuanza kama vyuo. Vilikuwa nyumba za kulala na kula, ambamo vijana waliishi pamoja na mawakili wakongwe na kujifunza kwa kuwasikiliza. Kumbukumbu za Lincoln's Inn zinaanzia mwaka 1422. Vile viwili vya Temple vilirithi makao ya shirika la kidini la wapiganaji wa vita vya msalaba, lililovunjwa mwaka 1312. Mfalme James wa Kwanza akavimilikisha kwa hati mwaka 1608. Mwanafunzi alihesabiwa mihula kwa idadi ya milo ya jioni aliyoila ukumbini, na mtihani haukuwa wa lazima hadi mwaka 1872. Msomaji asicheke upesi. Jando nalo halina karatasi ya mtihani, na hakuna adaiye kuwa halifundishi. Lililofundwa ukumbini ni namna ya kusema, ya kunyamaza na ya kumwita mwenzako. Na yote hayo yalifundwa kwa Kiingereza.

Sehemu hii ya mpaka ilikuwa chini ya Uganda hadi mwaka 1902, Jimbo la Mashariki lilipohamishiwa Himaya ya Afrika ya Mashariki. Wateso, Wasamia na jamaa zao wakajikuta pande mbili za mstari. Mawakili, hata hivyo, hawakuwafikia. Upande wa Kenya, Sheria ya Mahakama za Waafrika ya mwaka 1951 haikuwaruhusu mawakili kusimama katika mahakama hizo. Mkulima mwenye kesi ya shamba alijitetea mwenyewe mbele ya wazee. Argwings-Kodhek, mzaliwa wa Gem, si mbali na Busia, alirudi kutoka Uingereza katika miaka hiyohiyo akiwa wakili wa kwanza Mwafrika wa Kenya, lakini jina alilipata Nairobi, kwa kuwatetea washtakiwa wa Mau Mau. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1967, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ilipoziunganisha mahakama za nchi.

Ng'ambo ya mpaka, Benedicto Kiwanuka alipita Gray's Inn, kama alivyopita Charles Njonjo wa Kenya. Godfrey Binaisa alipita Lincoln's Inn. Kiwanuka, akiwa Jaji Mkuu wa Uganda, alikamatwa na askari katika jengo la mahakama mwezi Septemba 1972, asirudi tena. Adabu ya ukumbini haikuwa na kinga dhidi ya bunduki.

Kamati iliyoongozwa na Lord Denning ilitoa taarifa yake mwaka 1961, ikiona kwamba mafunzo ya wakili wa London, ambaye kazi yake ni kusema mahakamani tu, hayamtoshi wakili wa Afrika, ambaye ndiye huandika hati, hutunza fedha za mteja na kusimama mbele ya hakimu. Mwaka huohuo kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam kwa ajili ya nchi zote tatu. Skuli ya Sheria ya Kenya ikafuata mwaka 1963. Makerere ikaanza kufundisha sheria mwaka 1968. Njia zikaachana.

Hapa ndipo lugha inapotuhusu. Waingereza hutenga wakili wa mahakamani na wakili wa ofisini. Kiswahili kina neno moja tu, wakili, kutoka Kiarabu, lenye maana ya mtu aliyekabidhiwa jambo la mwingine. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kusema, bila kamati, lile alilolisema Denning. Mzizi huohuo umetupa wakala, na Malaba nzima huishi kwa mawakala wa forodha. Upande wa Kenya watu husema pia loya. Waganda wana puliida, lililotoholewa kutoka Kiingereza. Kutafsiri "kuitwa kwenye baa" neno kwa neno ni kumpeleka wakili kwenye pombe au kwenye msiba.

Sheria ya Kenya inaruhusu Kiswahili katika mahakama za chini, na Kiingereza ndicho lugha ya Mahakama Kuu na ya Rufani. Katiba ya mwaka 2010 imevifanya vyote viwili kuwa lugha rasmi, lakini wakili bado husomeshwa kwa lugha moja, kisha hutumwa kumhoji shahidi kwa nyingine. Watungaji wetu wa istilahi wamezoea kuanzia kwenye vitabu vya London. Kwa maoni yetu, wangeanzia kwenye kumbukumbu za mahakama za mahakimu kama ile ya Busia, ambako karani, mkalimani na shahidi wamekuwa wakiyataja mambo hayo miaka mingi.