Mti wa mtoni na mishipa ya saratani

Ukiokota tunda kavu la mlama na kuliweka kiganjani, utaona mabawa manne membamba kama karatasi yaliyoizunguka mbegu moja. Upepo ukivuma kidogo tu, linaruka. Miti ya jamii ya mlama imetapakaa sehemu kubwa ya Afrika, na mmoja wao huota kandokando ya mito ya Eastern Cape, Afrika Kusini. Waxhosa huuita umdubu. Wataalamu waliokusanya habari za mimea ya huko waliandika kwamba Wazulu walisaga ganda la mizizi yake kuwa unga wa kumdhuru adui. Ndani ya mti huo mna kemikali ambayo imewapa tumaini, na kuwasumbua pia, madaktari wanaotaka kuifungia saratani njia zake za chakula.

Uvimbe wa saratani ukiwa na milimita moja au mbili hujilisha kwa kufyonza kutoka kwenye nyama inayouzunguka. Ukitaka kukua zaidi ya hapo, lazima upate mishipa yake wenyewe ya damu. Hutoa ishara za kikemikali, na mishipa ya jirani huchipua matawi kuufuata, kama mizizi inavyofuata maji. Mwaka 1971 Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa watoto huko Boston, Marekani, aliandika kwamba mishipa hiyo ikizuiwa isichipue, uvimbe utadumaa. Wenzake wengi hawakumwamini. Dawa ya kwanza ya saratani iliyotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo, bevacizumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004. Leo fikra hiyohiyo huokoa macho, maana mishipa dhaifu inayochipua nyuma ya jicho la mgonjwa wa kisukari au la mzee huvuja damu na kumpofusha.

Lakini mimea ilikuwa imetangulia kutoa fununu. Mwaka 1937 huko Uingereza, Eric Boyland na mwenzake waliona kwamba kolchisini, kemikali ya mmea uliotumika tangu kale kutuliza jongo, huufanya uvimbe wa panya uvuje damu ndani kwa ndani. Kasoro ilikuwa kwenye kipimo: dozi ya kuupiga uvimbe ilikaribiana mno na dozi ya kuua. Jambo likaachwa hapo kwa miongo kadhaa.

Aliyelifufua, bila kulikusudia, ni George Pettit, mkemia wa Chuo Kikuu cha Arizona State. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikuwa ikikusanya mimea kutoka pande zote za dunia na kuipima dhidi ya seli za saratani. Umdubu ulikuwa miongoni mwa mimea iliyotoka Afrika. Mwaka 1982 Pettit alitangaza kemikali ya kwanza aliyoitenga kutoka humo, akaiita kombretastatini kwa jina la jamii ya mti. Mwaka 1989 ikaja iliyo kali kuliko zote, kombretastatini A-4.

Umbo lake ni jepesi la kushangaza. Ni pete mbili zilizounganishwa na daraja fupi, zote zikielekea upande mmoja. Pete moja ikigeukia upande wa pili, nguvu karibu yote hupotea. Wepesi huo ndio uliouokoa mti wenyewe, kwa sababu wakemia waliweza kuiunda kemikali hiyo maabara bila kukata shina hata moja.

Haikuwa hivyo Kwale, Kenya. Katika miaka ya 1970 mpango huohuo wa Marekani ulivuna zaidi ya tani 27 za mmea wa Maytenus buchananii katika Milima ya Shimba, ili kupata maitansini, sumu nyingine ya seli inayopatikana kwa chembe chache mno katika kilo nzima ya mmea. Miaka minne baadaye wakusanyaji walipohitaji shehena nyingine, mimea ilikuwa haijachipua vya kutosha. Nikisoma habari hiyo huwa nasimama kidogo, kwa kuwa msitu ule ni wetu na mavuno yale hayakuzaa dawa wakati huo. Maitansini iliwadhuru wagonjwa mno, ikawekwa kando. Ndugu yake aliyetengenezwa maabara alirudi mwaka 2013 ndani ya dawa ya saratani ya matiti, akiwa amefungwa kwenye kingamwili inayompeleka moja kwa moja kwenye seli mbovu.

Turudi kwa umdubu. Mwaka 1997 watafiti wa Northwood, pembezoni mwa London, walionyesha kwamba kombretastatini haisubiri kuzuia mishipa mipya, bali huiangusha ile ambayo uvimbe umeshaijenga. Ukuta wa ndani wa mshipa umetandikwa seli bapa, na kila seli hushikiliwa na nguzo za protini iitwayo tubulini. Mishipa ya uvimbe hujengwa haraka na vibaya, haina seli za kuiegemeza kwa nje, kwa hiyo hutegemea nguzo hizo kupita kiasi. Kombretastatini hunasa kwenye tubulini, na nguzo zinavunjika. Seli bapa zinavimba na kuwa duara, nafasi zinafunguka kati yao, damu inaganda njiani. Baada ya saa moja uvimbe wa panya huwa karibu haupati damu kabisa, na kesho yake kiini chake kimekufa.

Kiini, si uvimbe wote. Ukiutazama kwa darubini utaona katikati pamekufa, na pembeni pamebaki utepe mwembamba wa seli hai, safu chache tu, zinazolishwa na mishipa mizima ya mwili iliyo jirani. Kutoka kwenye utepe huo uvimbe huanza kumea upya.

Majaribio kwa binadamu yalianza mwaka 1998. Katika kundi la wagonjwa 25 huko Marekani, mmoja aliyekuwa na aina kali kuliko zote ya saratani ya tezi ya thairoidi uvimbe wake ulitoweka kabisa, na miezi 30 baadaye alikuwa bado hai. Anayejua jinsi ugonjwa huo unavyoua kwa miezi michache ataelewa kwa nini matumaini yalipanda. Likafuata jaribio la wagonjwa 80. Waliopewa dawa hiyo pamoja na tiba ya kawaida waliishi wastani wa miezi 5.2, na waliopewa tiba ya kawaida peke yake miezi 4.0, tofauti ndogo mno kuthibitisha lolote. Wengine walipandwa na shinikizo la damu, wengine moyo ulikosa damu ya kutosha. Mwaka 2017 jaribio kubwa la saratani ya ovari lilisitishwa.

Nayaandika haya nikiwafikiria wagonjwa wanaouziwa chupa za mitishamba kwa ahadi ya kuikausha saratani. Chai ya kijani ilipunguza kuchipua kwa mishipa kwenye macho ya panya mwaka 1999, na manjano hufanya vivyo hivyo katika vyombo vya maabara, ila manjano uliyokula hufika kwenye damu kwa kiasi kidogo sana. Umdubu ulipimwa kwa miaka, kwa miligramu, chini ya uangalizi wa madaktari, na bado ulishindwa na utepe ule wa pembeni. Magome ya kuchemsha hayana kipimo chochote.

Wakemia wangali wanaunda ndugu za kombretastatini, na wengine wanaijaribu pamoja na dawa zinazozuia mishipa mipya, ili utepe ule ukose pa kujishikiza.

Na jina la mti limebadilika. Kwenye vitabu uliitwa Combretum caffrum. Neno hilo la pili mzizi wake ni kafiri, lililobebwa na wafanyabiashara wa pwani ya mashariki ya Afrika, likachukuliwa na Wareno, likafika kusini na kugeuzwa tusi dhidi ya Waafrika. Julai 2024 wataalamu wa mimea walikutana Madrid na kupiga kura, 351 kwa 205, kuliondoa kwenye majina zaidi ya 200. Umdubu sasa unaandikwa Combretum affrum, yaani wa Afrika. Ripoti zote za Pettit zina jina la zamani, na anayefuatilia historia ya dawa hii atalikuta kwenye kila ukurasa.