Kuunganisha na Kuhamisha Simu

Neno "simu" lina asili ya Kiajemi, ambako lina maana ya waya. Kitenzi chake, "kupiga", kimedumu ijapokuwa kitendo kimebadilika: telegrafu, iliyofika Unguja kwa waya wa baharini mwaka 1879, iligongwa, baada ya Almon Strowger kupata hataza ya swichi yake nchini Marekani mwaka 1891, namba zikaja kuzungushwa, na tangu 1963 zikaanza kubonyezwa.

Shida yetu imo katika "kuhamisha". Opareta wa zamani aliunganisha simu, akasubiri ipokelewe, na isipopokelewa alimrudia aliyepiga. Mtambo wa kuhifadhi ujumbe wa sauti, ambao Gordon Matthews alipewa hataza yake mwaka 1983, huweza kurekebishwa ufanye vivyo hivyo, au uipeleke simu chumba kingine na kujitoa. Mwongozo ukitumia neno moja kwa njia zote mbili, karani atachagua kwa kubahatisha, na simu ya mwananchi italia katika ofisi tupu bila ujumbe wake kupokelewa.

Kwa hiyo twapendekeza "kuunganisha" pale mtambo unaposubiri jibu, na "kuhamisha" pale unapojitoa. Wasomaji wenye maneno yafaayo zaidi na watuletee.