Mtu wa Kazi Mbili

Kila Jumamosi mchana vijana kama kumi tunakutana kwenye ukumbi wetu kucheza mchezo wa mashujaa. Hakuna kompyuta. Mmoja anasimulia hadithi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na bahati inaamuliwa na dadu. Dadu ya pande kumi hatuna, kwa hiyo tumeandika namba kwenye vikaratasi tukavitia ndani ya kopo.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa miaka 16 aliniuliza: "Kaka, nikitengeneza mpiganaji anayejua na uganga, si atakuwa dhaifu kote kote?" Mwenzake akadakia: "Mshika mbili moja humponyoka!" Wakacheka. Mimi sikucheka sana. Najua huyo kijana asubuhi yuko sekondari, jioni anajifunza cherehani kwa mjomba wake, na nyumbani wanamwambia achague moja. Nikamwambia nitamletea jibu kutoka kwenye historia ya mchezo wenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Kwetu ukisema "mchawi" watu wanashtuka, maana wapo waliofukuzwa majumbani kwa kuitwa hivyo. Pale mezani tunasema "msomi", kwa sababu uwezo wake unatoka kwenye kitabu. Kabla ya safari anakariri maneno ya nguvu, na akishayatumia yanafutika kichwani mpaka akariri tena.

Mchezo huu, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Gygax aliwahi kufanya kazi kwenye kampuni ya bima. Kazi ilipokwisha mwaka 1970, akatengeneza viatu vya watu huku akiandika sheria za michezo. Yaani yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kazi mbili.

Toleo la kwanza lilikuwa na kazi tatu: mpiganaji, msomi na kasisi. Elfi, kiumbe wa hadithi za Ulaya, ndiye aliyeruhusiwa kuwa mpiganaji na msomi. Lakini alitakiwa kuchagua kabla ya kila safari: leo upanga, kesho kitabu. Tena aliwekewa dari: upiganaji mwisho ngazi ya 4, usomi ngazi ya 8.

Mwaka 1978 sheria zikabadilika. Elfi akaweza kufanya zote mbili kwa pamoja, ila alama zake za uzoefu zinagawanywa nusu kwa nusu. Binadamu akapewa njia nyingine, ngumu zaidi: anaacha kazi ya kwanza kabisa na kuanza ya pili kutoka ngazi ya 1. Ujuzi wa zamani anautunza tu moyoni. Akiutumia mapema anapoteza alama, mpaka ngazi yake mpya ipite ile ya zamani.

Nilipowasomea sheria hiyo, ukumbi ulinyamaza. Wote wanamjua mzee aliyekuwa mwalimu kule nyumbani na hapa anaanza upya kwa kubeba matofali.

Sasa turudi kwenye swali: je, nusu kwa nusu inamfanya mtu dhaifu? Nilichukua jedwali la toleo la pili, la 1989, tukapiga hesabu ubaoni. Mpiganaji mwenye alama 64,000 yuko ngazi ya 7. Mwenzake wa kazi mbili, kwa alama hizo hizo, anapata 32,000 kila upande. Upiganaji wake ni ngazi ya 6, na usomi ngazi ya 5. Amepoteza ngazi moja tu, akapata tano! Sababu ni kwamba mwanzoni kila ngazi inadai karibu mara mbili ya ile iliyotangulia. Kwa hiyo nusu ya alama inakurudisha hatua moja, siyo nusu ya njia.

Lakini nisiwadanganye. Baada ya ngazi ya 9 pengo linakua, maana hapo alama haziongezeki tena kwa mara mbili. Uhai wake ni wastani wa kazi zote mbili, kwa hiyo anakufa haraka kuliko mpiganaji mtupu. Na deraya nzito inamzuia kutumia maneno yake. Mwenye akili anajiandaa kabla ya vita: anaita picha zake kadhaa zimzunguke, adui asijue ampige nani, ndipo anachomoa upanga. Akingoja mpaka apigwe ndiyo aanze kusema maneno, yanaharibika.

Mwaka 2000 sheria ziligeuka tena. Ngazi zote zikahesabiwa kwa pamoja, kwa hiyo mtu wa ngazi ya 6 akawa na 3 huku na 3 kule. Hapo kweli alikuwa dhaifu. Wachezaji walilalamika, na mwaka 2003 kitabu kikaongeza kazi maalumu ya kuwasaidia watu wa namna hiyo.

Ninachotaka wazazi na wafanyakazi wa mashirika waone ni hiki. Mhusika ni yule yule, na upanga na kitabu ni vile vile. Mwaka 1989 ana nguvu, mwaka 2000 ni dhaifu, kwa sababu sheria za meza zimebadilika. Kijana akishindwa kusoma na kushona kwa pamoja, tuangalie na ratiba tuliyompangia. Kama darasa na mafunzo ya ufundi vinaanza saa moja, tumemnyima nafasi sisi wenyewe.

Jumamosi iliyopita alimaliza kuandika mhusika wake: nguvu 16, akili 17, kazi mbili. Alikuja amechelewa kutoka kwa mjomba, sindano bado imechomekwa kwenye kola ya shati. Tulimsubiri ndipo tukaanza.