Starehe Ilikuwa na Ada

Mtu mzima wa leo mwenye kazi, watoto na mkopo atakwambia hana nafasi ya kupumzika, na ushauri anaopewa karibu wote unamtazama yeye peke yake: zima simu, lala mapema, jitengee saa moja iwe yako. Miji ya pwani yetu, tangu miaka ya 1890 hadi kukaribia uhuru, ilikuwa na njia nyingine. Humo watu wenye nafasi finyu kuliko yetu, yaani vibarua wa bandarini, wapishi, makarani, askari na wanawake waliotoka utumwani, walijipatia jioni za ngoma, taarabu, mpira na soga. Kazi haikuwaishia hata wakabakiwa na muda. Waliingia vyama, wakalipa ada, wakashona sare, na asiyeonekana akaulizwa yuko wapi. Dai langu ni kwamba starehe ya mtu mwenye shughuli nyingi ilidumu pale ilipokuwa na watu wa kuidai, na ilipobaki kuwa hiari ya mtu mmoja ililiwa na kazi.

Tuanze na wale ambao hata mchana haukuwa wao. Katika mashamba ya karafuu ya Unguja ya karne ya 19, desturi ilimwachia mtumwa siku mbili kwa wiki, kwa kawaida Alhamisi na Ijumaa. Kwa jina zilikuwa siku zake, lakini sehemu kubwa iliishia kwenye kikonde cha muhogo, kwa sababu chakula chake kilitoka humo. Sheria iliondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Kitu kimoja ambacho watu huru wapya walikishikilia kwa nguvu ni haki ya kuamua siku gani wafanye kazi na siku gani wasifanye. Wengi walihamia mjini, na Unguja walijaza mitaa ya Ng'ambo. Mombasa, kazi ya kupakia na kupakua meli iliajiri watu kwa siku: kibarua alikwenda siku alizohitaji fedha, nyingine akakaa nyumbani au akarudi shamba. Maofisa wa Kiingereza waliuita mtindo huo uvivu, na katika miaka ya 1940 na 1950 walijitahidi kuubadili kwa kusajili vibarua na kuwatimizisha idadi ya siku kwa mwezi. Mgomo mkuu wa Januari 1947 ulihusu mishahara na gharama za maisha zaidi ya jambo lolote, lakini ndani ya ugomvi wa bandari mlikuwamo pia swali la nani ana mamlaka juu ya siku ya mtu.

Hata hivyo, kuwa na siku si kuwa na starehe, na kikonde cha muhogo kinatosha kutukumbusha hilo. Kilichoigeuza nafasi kuwa starehe ni vyama, na mfano ulio wazi kuliko yote ni beni. Ngoma hii ilizuka miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikaiga bendi za kijeshi kwa gwaride, mavazi na vyeo. Tanganyika ilijulikana kwa vyama viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Kwa jumla Marini walijiona watu wa daraja, na Arinoti wakawapokea zaidi vibarua na wageni kutoka bara. Askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza waliisambaza hadi Nyasaland na mbali zaidi, na matawi ya mji mmoja yakawa yanaandikiana barua na ya mji mwingine. Mwanachama aliyefika mji mgeni alipata pa kufikia, aliyeugua alitazamwa, na aliyekufa alizikwa na wenzake. Hapa ndipo ngoma iliposhikana na maisha. Karani aliyetoka ofisini amechoka asingeweza kusema leo sichezi kana kwamba jambo hilo linamhusu yeye tu, kwa maana kundi lililomngoja jioni ndilo lililomchangia fedha za dawa. Serikali ya kikoloni, kwa upande wake, ilizitilia shaka ngoma hizi na kuziwekea vibali, ikihofu kuwa mtandao unaovuka miji unaweza kubeba siasa.

Wanawake ndio kipimo kigumu zaidi cha hoja hii, kwa sababu kazi ya nyumbani haina saa ya kufunga. Mombasa walikuwa na lelemama, ngoma ya wanawake, na vyama vyake viliishi vizazi kadhaa. Ibinaal Watan na Banu Saada ndivyo vilivyovuma kwa ushindani. Tazama jinsi jioni moja ya lelemama ilivyoandaliwa. Leso zilinunuliwa mapema, sare moja kwa kundi zima. Nyimbo za kuwapiga mafumbo wapinzani zilitungwa na kufundishwa faraghani ili zisivuje. Chakula kilichangwa, na wachezaji walijipanga mstari wakicheza kwa miondoko ya taratibu ya mikono, kila mmoja akijua kuwa pengo lake litaonekana na upande wa pili utaliimba. Mume angeweza kumkatalia mkewe burudani ya peke yake. Kumkatalia jambo ambalo mtaa mzima ulikuwa ukilingoja, leso imekwisha kununuliwa na jina la kundi liko hatarini, kulikuwa kugumu zaidi. Wajibu, tunaouona siku hizi kuwa adui wa mapumziko, ndio uliomfungulia mlango.

Unguja ushahidi unatoka kwenye taarabu. Muziki huu ulianza kwenye jumba la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ukawa burudani ya wakubwa. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda chama cha Ikhwani Safaa, wakaagiza ala na kujifunza kuzipiga. Mwimbaji Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 katika familia iliyotoka utumwani. Kabla ya kuimba aliuza vyungu alivyofinyanga mama yake. Alihamia mjini mwaka 1911, akaimba kwa Kiswahili nyimbo zilizogusa mambo ya watu wa kawaida, na mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri. Desturi ya kutunza, yaani kumwendea mwimbaji na kumpa fedha mbele ya watu, iliwapa wasikilizaji sehemu katika shughuli: anayetunza anasema jambo, na anayeambiwa analisikia. Kwa hiyo hakuwapo mtazamaji mtupu.

Kuna atakayepinga kwa kuutaja ukumbi wa starehe ulio mkongwe kuliko vyama vyote hivi, na usio na ada wala sare. Baraza ni kijukwaa tu cha mawe na chokaa kilichojengwa kuambaa ukuta wa mbele wa nyumba, na anayepita hukaa. Muuza kahawa huja na dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili ajulikane amefika; ubao wa bao huwekwa chini, na kete zikianza kulia wapita njia husimama kuhukumu. Pingamizi hili lina uzito, lakini tukilichungua baraza lenyewe tunakuta wajibu uleule bila daftari. Wanaokaa ni walewale, baada ya sala ileile, na sala ndiyo saa yao. Asiyeonekana siku mbili hutumiwa mtu nyumbani kwake. Na gharama yake ipo: anayekaa barazani hawezi kukwepa kuchangia mazishi ya mwenzake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwamba haya yote hayakuwa mapumziko bali kazi nyingine. Mashindano yalikula fedha, yaliwatia watu madeni, na yalizusha ugomvi. Wanazuoni waliyakemea kwa ubadhirifu, na si kwa uongo. Nakubali kuwa chama cha ngoma kilimchosha mwanachama wake. Kilichotofautiana ni aina ya uchovu. Bandarini alibeba gunia la mtu mwingine. Kwenye gwaride aliitwa jemadari, akapigiwa saluti na wenzake aliowachagua mwenyewe. Ambaye mchana kutwa anaitwa boi hahitaji kulala tu ili apate nafuu. Kuhusu madeni sina utetezi, isipokuwa kusema kwamba nasi tunadaiwa: makundi yetu ya simu yanachangisha arusi na misiba kila wiki, na wachangaji wengi hawakutani. Tumebaki na ada, ngoma tumeiacha.

Beni yenyewe ilififia katikati ya karne ya 20, pale vijana walipovutwa na dansi na mpira, na sidhani kama kuna haja ya kuililia. Mavazi yake ya kijeshi yalikuwa ya wakati wake. Lakini waliohamia kwenye mpira walikwenda na mpangilio uleule wa mahasimu wawili, rangi za kundi, michango na wanachama wanaoulizana. Young Africans ya Dar es Salaam iliundwa mwaka 1935, na klabu iliyokuja kuitwa Sunderland, ambayo leo ni Simba, mwaka 1936. Kadi ya uanachama bado inalipiwa katika klabu zote mbili. Ikhwani Safaa imepita mapinduzi ya 1964, redio, televisheni na simu, na wanachama wake bado wanapiga taarabu mjini Unguja.