Serikali ilipobadili mawazo: nani asimamie masomo ya Maniema

Tarehe 26 Februari 1977, serikali ya Zaire ilitia saini mkataba wa kurudishia makanisa uongozi wa shule. Ni serikali hiyo hiyo iliyokuwa imewanyang'anya shule hizo mwisho wa 1974. Mzazi wa Kasongo au Kabambare anayebeba dosye ya mtoto toka biro moja hadi nyingine angali anatembea ndani ya matokeo ya siku ile.

Turudi nyuma kidogo. Wakati wa Wabelgiji, shule zenye msaada wa serikali zilikuwa mikononi mwa misioni za Kikatoliki. Waprotestanti walingoja mpaka baada ya vita ya pili ya dunia. Waislamu wa Kasongo, mji wa Uislamu tangu siku za Tippu Tip, hawakupata kitu: madrasa zao hazikuhesabiwa kuwa shule, na wazazi wengi waliogopa kupeleka watoto misioni wasije wakabatizwa. Kwa hiyo Mobutu alipochukua shule zote, akatoa somo la dini na kuweka mafundisho ya MPR, si ajabu kama wengine huku kwetu hawakusikitika sana.

Lakini serikali haikuwa na watu wa kutosha wa kuendesha shule hizo, na bei ya shaba ilikuwa imeanguka. Pesa ya kulipa walimu ikayumba. Miaka miwili ilitosha kumfanya Mobutu abadili mawazo.

Mkataba wa 1977 uligawa kazi. Serikali ilibaki na programu, inspeksyo na mishahara. Makanisa yakapata kuendesha shule na kusimamia watu wake. Walisaini Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbanguisti. Baadaye Waislamu nao wakaingia kupitia jumuiya yao. Kwa Kasongo hilo lilikuwa jambo kubwa: mtoto wa nyumba ya Kiislamu aliweza kupata diploma ya serikali katika shule inayoongozwa na watu wa dini yake.

Mahali serikali ilipokosea ni hapa: ilibadili mawazo lakini haikubadili biro zake. Divizioni, sudivizioni na inspeksyo zilibaki. Pembeni yake kila dini ikaweka kordinasyo yake, na washauri na makarani wake. Katikati ya miaka ya 1980 ikaongezwa SECOPE, ya kuhesabu walimu na kutoa majina hewa kwenye listi ya mishahara. Kazi hiyo ilihitajika kweli. Hata hivyo ilikuwa biro nyingine tena, na hakuna iliyofungwa ili kuipisha.

Mshahara wa serikali ulipokufa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi wakaanza kulipa primu ya walimu. Pesa ya mtoto haikuishia shuleni. Sehemu yake ilipanda: kordinasyo, sudivizioni, divizioni, na juu zaidi. Tangu hapo biro mpya haikuwa mzigo kwa aliyeifungua. Ilikuwa mdomo mwingine kwenye sahani ya mzazi. Ndiyo maana zilizidi kuzaliana wakati hazina ya Kinshasa ilikuwa tupu.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ya serikali ni bure. Ilichukua mpaka Septemba 2019 kuanza kutekelezwa. Watoto wakajaa madarasani, na biro zilizoishi kwa pesa ya wazazi zikaambiwa zingoje pesa ya uendeshaji kutoka Kinshasa. SECOPE nayo ikageuzwa jina, ikawa DINACOPE.

Je, zifungwe tu? Si rahisi hivyo. Mpaka 1988 Maniema ilikuwa sehemu ya Kivu, na makao makuu yalikuwa Bukavu. Kisha yakawa Kindu, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kasongo kwa njia ambayo kila mtu anaijua. Kasongo ilipopewa divizioni yake, Maniema 2, mwalimu wa Wamaza alipunguziwa safari ya siku nyingi. Biro iliyo karibu ina faida. Shida ni biro tano kugusa karatasi moja.

Hilo linaumiza zaidi familia zilizokimbia vita. Jina la mwalimu kwenye listi ya mshahara limefungwa na shule yake. Shule ikihama pamoja na watu, kordinasyo yake inapaswa kujua, sudivizioni inapaswa kujua, na huduma ya mishahara inapaswa kujua. Kila mmoja ana muhuri wake. Mahali benki haifiki, Caritas ndiyo iliyopewa kazi ya kupeleka mshahara: serikali imerudi tena kuomba mkono wa kanisa, kama 1977. Wakati huo watoto wa waliokimbia wako darasani, na mwalimu wao anaingoja mihuri hiyo.